Maombi Yamesogezwa Mbele

Kilburn, New Hampshire
Jumapili, 16 Machi 2025

Mwanangu Linwood,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Annika na mtoto. Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya umri wetu. Upande wa kaskazini wa ghala theluji bado inafika usawa wa madirisha, lakini mchana jua lina nguvu na utomvu umeanza kutiririka katika mimepli, miti tunayoipikia sukari. Madaktari wamembadilishia binamu yako Philena nyonga. Anatembea kwa mkongojo na kumwamuru kila mtu, kwa hiyo tunajua kwamba amepona.

Jumanne tulifanya mkutano mkuu wa mji, nami niliuongoza kama kawaida. Hoja kubwa ilikuwa gari jipya la zimamoto. Jirani yangu wa chini ya kilima, Orrin Gaskill, alisimama akasema kwamba gari la sasa lina umri sawa na mke wake na bado linawaka. Mkewe, aliyeketi nyuma yake, akasema kwamba ni kweli, ila siku hizi linahitaji kubembelezwa. Watu walicheka, wakaikataa hoja, kisha wote wakala maharagwe kwenye meza moja. Hiyo ndiyo serikali ninayoweza kuivumilia: watu wanaojuana kwa majina, wanaobishana uso kwa uso, na ambapo aliyekutoza kodi unaweza kumfuata hadi mlangoni kwake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Philena ameniambia kwamba umeiacha Taasisi yenu ya utafiti wa sera na kuingia serikalini. Nilidhani anatania. Kwa miaka mingi uliandika pale kwamba serikali ichukue kidogo na iamuru kidogo, na imwachie mtu mali yake, mwili wake na mapatano yake. Nilizisoma makala zako zote, nikasahihisha alama zako za mkato, nikajivuna. Sasa nasikia kwamba umekwenda kuipunguza serikali kutoka ndani. Swali langu ni moja: nani amekupa mkasi? Bunge ndilo lenye haki ya kukata. Kinachokatwa kwa amri ya mtu mmoja kitashonwa kwa amri ya mtu atakayemfuata. Kama Bunge limelala, kazi ya mpenda uhuru ni kuliamsha, si kuazima upanga wa mfalme.

Jambo dogo la mwisho. Nimepeleka maombi ya viza za Everal Dacres na wenzake wanane, wale wachumaji wangu wa matofaa kutoka Jamaika. Kwa kawaida wakati huu jibu huwa limekwisha kufika. Mwaka huu ni kimya.

Shangazi yako,
Lovina Pettengill


Washington
13 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kukuomba radhi kwa kuchelewa. Corinna ameng'oka meno mawili ya mbele. Aliliweka la pili chini ya mto, kama desturi ya watoto wanaongoja kulipwa jino, na asubuhi alipokuta dola moja alitutangazia kwamba bei za vitu vyote zimepanda, hivyo na ya jino nayo itazamwe upya. Annika anapanda nyanya katika ndoo barazani. Mpe Philena pole, na hongera kwa kupata fimbo halali ya kutupigia.

Kabla sijajitetea, niruhusu nikutanie. Hutaki baruapepe kwa sababu unasema serikali huzisoma. Badala yake unachukua karatasi, unaibandika stempu ya serikali, unamkabidhi mfanyakazi wa serikali, naye anaileta kwa gari la serikali hadi kwa ofisa wa serikali. Shangazi, ni nani kati yetu aliyeingia serikalini?

Sasa nijitetee. Tumeandika makala kwa miaka ishirini, na hakuna hata ofisi moja iliyofungwa kwa sababu ya makala. Warepublican walitualika chakula cha jioni, wakatusifu, wakaongeza matumizi. Wademokrati hawakutualika, wakaongeza matumizi pia. Mara moja katika maisha yangu mlango umefunguka, na mimi nimepita. Rafiki zangu wa Taasisi wamegawanyika: nusu hawanisalimu, na nusu wananiomba niwatafutie kazi. Siupendi ushuru huu wa forodha. Siwapendi maofisa waliofunika nyuso ambao wanakamata watu barabarani. Nimeyasema hayo ofisini, kwa sauti ya kawaida. Lakini gari haliendeshwi na aliyesimama nje akilipungia mkono.

Kuhusu akina Everal, usiwe na wasiwasi. Foleni ni ndefu mwaka huu.

Mwanao,
Linwood


Kilburn
11 Mei 2025

Mwanangu Linwood,

Barua yako nimeipata, na nimecheka kwa ajili ya Corinna. Mwambie kwamba hoja yake ni sahihi, na kwamba aliyepandisha bei haishi chini ya mto wake. Miti imechanua tangu Jumatano. Jalidi ilitutisha usiku mmoja, lakini upepo ulivuma na maua yakapona. Philena ameanza kupanda ngazi. Hatukumwuliza kama daktari amekubali.

Kuhusu stempu: kwa sheria, kusafirisha barua ya kawaida ni kazi ya posta yao tu. Nipe ruhusa ya kumlipa mtu mwingine, nami kesho nitamlipa. Mtu akifungiwa milango yote isipokuwa mmoja, hutamsema kwa kupita huo mmoja.

Lakini nilikuwa na nia ya kukuandikia juu ya mlango wa namna nyingine. Niliagiza mashine ya kukamua juisi kutoka Italia. Imefika bandarini Boston, nayo imebeba ushuru ambao haukuwapo siku nilipoiagiza. Wakala aliniambia niombe msamaha wa ushuru. Akasema wengi wanaomba, na wengine wanapata, hasa wanaofahamu pa kupiga simu. Nikamwambia kwamba ushuru ukiwa mbaya ufutwe kwa wote, na ukiwa mzuri tulipe wote. Ushuru wenye mlango wa misamaha ni mbaya mara mbili, kwa sababu humgeuza kila mwenye shamba kuwa mwombaji na kila karani kuwa bwana. Nililipa.

Dukani Orrin Gaskill, ambaye bado ananiita kwa kazi yangu ya zamani, alinidhihaki. Alisema, "Mwalimu, vumilia. Maumivu ni ya muda, viwanda vinarudi." Nilimwuliza kama amekiona hata kimoja kikirudi, naye akasema bado kiko njiani. Winifred wa maktaba, ambaye ni Mdemokrati tangu kuzaliwa, aliruka na kusema kwamba rais yeyote anayetawala kwa kalamu ni dikteta. Nikamkumbusha kwamba rais wa chama chake alipoitumia kalamu ile ile, yeye Winifred alileta keki maktaba kusherehekea. Hawa wawili wamebadilishana makoti, kila mmoja anasema lile alilolivaa mwenzake mwaka juzi lilikuwa lake siku zote. Mimi nimevaa langu lile lile, nao wote wananiona mshamba.

Umeniandikia kurasa tatu na hukuniambia unafanya kazi gani hasa. Nami sikupata jibu juu ya akina Everal.

Shangazi yako,
Lovina


Washington
8 Juni 2025

Shangazi,

Sisi ni wazima. Joto limeanza, nyanya za Annika zina maua, na Corinna anajifunza kuogelea kwa mwalimu ambaye, amenihakikishia, ana kibali cha serikali cha kufundisha watoto kuelea.

Umeniuliza kazi yangu. Nilianza katika kitengo cha kufuta kanuni. Tulifuta chache, mahakama zikarudisha baadhi, kisha kitengo kikavunjwa na mimi nikahamishiwa dawati la misamaha. Ndiyo, Shangazi. Mlango ulioniandikia habari zake ni wangu. Asubuhi wanakuja wanasheria wa makampuni makubwa, mchana zinakuja simu kutoka kwa maseneta, na jioni zinasomwa barua za watu wa kawaida, kama muda upo. Nilikuja na mkasi, nikakabidhiwa muhuri. Najiambia kwamba kila msamaha ni kipande cha uhuru alichorudishiwa mtu mmoja. Siku nyingine naamini.

Sasa sikiliza. Ofisi inayoshughulikia wachumaji wa msimu iko ghorofa yangu. Faili nyingi zitakaa humo hadi majira ya baridi. Mkuu wake hunywa kahawa nami kila siku. Niambie neno moja tu, nami nitatembea hatua chache. Si hongo, si uongo. Everal anataka kufanya kazi, wewe unataka kumwajiri, na anayewazuia hana haki ya kuwazuia. Hayo si ndiyo uliyonifundisha?

Mwanao,
Linwood


Kilburn
15 Juni 2025

Mwanangu Linwood,

Sote hatujambo. Matofaa yana ukubwa wa gololi.

Jibu langu ni hapana.

Nilikufundisha kwamba anayewazuia hana haki ya kuwazuia. Sikukufundisha kwamba unaweza kumwondoa mbele ya shangazi yako peke yake. Orrin Gaskill naye anasubiri wachumaji wake. Yeye hana mtoto wa kaka Washington. Siku nitakapopita kwa nyuma, nitakuwa na sababu ya kutaka mlango wa mbele ubaki umefungwa, kwa maana faida yangu itakuwa hapo. Ndivyo wanavyotupata, mmoja mmoja, na kila mmoja akiwa na sababu nzuri.

Nimemwandikia Everal kumweleza kwamba mwaka huu wasije. Nitapunguza mavuno na kuwaalika wenyeji wajichumie wenyewe kadiri watakavyoweza. Usilitaje jambo hili tena.

Shangazi yako,
Lovina


Washington
20 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Nisamehe ukimya huu mrefu. Tulikuwa ufukweni kwa juma zima na wazazi wa Annika. Baba yake anaamini kwamba kila kitu nchini kingekaa sawa kama serikali ingeendeshwa kama kampuni. Nilimkumbusha kwamba kampuni yake ilifilisika, na baada ya hapo tukawa tunazungumza juu ya samaki. Corinna anaelea. Nyanya zimeliwa na kindi, naye Annika amenunua bunduki ya maji.

Kuna habari njema. Maombi yako ya wachumaji yamesogezwa mbele katika foleni. Vibali vitatoka kabla ya katikati ya Agosti, mara utakapotia sahihi fomu ya mwisho, ambayo imetumwa kwako. Nafurahi kwa ajili yako na kwa ajili ya Everal. Msalimie sana atakapofika.

Huku joto halipungui. Msalimie na Philena.

Mwanao,
Linwood


Kilburn
27 Julai 2025

Linwood,

Philena ni mzima, na mimi ni mzima.

"Yamesogezwa." Nani ameyasogeza? Nilikufundisha sarufi kwenye meza hii kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Nilikwambia kwamba kauli ya kutendwa ina kazi zake, na kwamba mojawapo ni kumficha mtenda. Serikali huipenda kwa sababu hiyo: imeamuliwa, imeonekana, imeagizwa. Katika barua yako yote, kindi alikula nyanya, baba mkwe wako alifilisika, Annika alinunua bunduki, wote wanatajwa. Kitendo kimoja tu hakina mwenyewe.

Nilikaa na hasira siku mbili. Kisha Everal alipiga simu.

Alikuwa ameipata barua yangu, ile niliyomwambia wasije. Nilitarajia huzuni, au adabu. Alicheka, ule ucheko wake wa taratibu ambao hutangulia jambo zito. Akaniambia, "Bi Lovina, umeniandikia hapa, 'Imeamuliwa kwamba msije mwaka huu.' Nimeisoma mara nyingi. Nataka kujua, nani ameamua?"

Nilikuwa nimeandika hivyo kweli, mimi, kwa mkono wangu.

Nikamweleza yote: dawati lako, simu za maseneta, na kwa nini nilikataa. Alisikiliza hadi mwisho. Ana binti katika chuo cha wauguzi na nyumba isiyo na paa la upande mmoja tangu kimbunga, mambo ambayo nayajua kwa sababu hunieleza kila mwaka tunapokula. Akasema, "Nimekuelewa. Ni mawazo mazuri. Lakini hii kazi ni mapatano ya watu wawili, wewe na mimi. Serikali yako haikuniuliza, na wewe hukuniuliza. Tofauti yenu ni kwamba wewe unaandika vizuri zaidi."

Kwa hiyo nilimwuliza, nikiwa nimechelewa: ungependa kupita mlango huu, ukijua ulivyofunguliwa? Alijibu kwamba yeye hakuujenga huo mlango, na kwamba angependa kujua ndege ni ya tarehe ngapi.

Nimetia sahihi fomu. Sikufanya hivyo kwa furaha, na sikufanya kwa ajili yako. Mapatano yana pande mbili, na upande mmoja ulikuwa haujazungumza.

Sasa nijibu mambo mawili. La kwanza, ni nani aliyeyasogeza maombi? La pili ni zito zaidi. Foleni haiwi fupi kwa sababu mtu mmoja amesogea mbele. Ni nani aliyerudi nyuma?

Lovina


Washington
24 Agosti 2025

Shangazi,

Corinna anaanza darasa la pili wiki ijayo na amechagua mkoba wenye picha ya samaki papa. Annika anakusalimu.

Niliyasogeza mimi. Nilikwenda kwa mkuu yule, nikanywa kahawa yake, nikamwomba. Ilichukua muda mfupi kuliko kahawa yenyewe. Uliniambia nisilitaje tena jambo hili, nami sikulitaja. Nilijiambia kwamba hukunikataza kulitenda. Unaona kwamba bado nakumbuka sarufi, pale inaponifaa.

Swali la pili siwezi kulijibu.

Mwanao,
Linwood


Kilburn
5 Oktoba 2025

Mwanangu Linwood,

Tu wazima. Mavuno ni mazuri kupita miaka mitano iliyopita. Everal na wenzake walifika mwanzoni mwa Septemba. Jioni ya kwanza walipika kuku wa pilipili jikoni kwangu, na Philena, ambaye hudai kwamba chumvi inatosha kuwa kiungo, alikula sahani mbili huku akitokwa na machozi. Mashine ya Italia inakamua vizuri. Kila ninapoiwasha naukumbuka ushuru wake, na juisi inakuwa na uchungu kidogo.

Wachumaji wa Orrin Gaskill hawakuja.

Tangu katikati ya Septemba matofaa yake yanaanguka. Amewaleta mkewe, wakwe zake, na vijana wa timu ya mpira wa shule, ambao walirushiana zaidi ya waliyochuma. Jioni upepo ukivuma kutoka bondeni tunasikia harufu yake hadi barazani, tamu na iliyooza. Everal aliniambia kwamba wao wangeweza kumaliza safu zake za chini kwa siku chache za mwisho wa juma, kama wangeruhusiwa. Nilimwuliza tena, safari hii kabla ya kuamua lolote: yuko tayari? Akasema hapana. Kibali chake kinamfunga kwenye shamba langu, kama kamba ya mbuzi. Akivuka uzio na mtu akamripoti, mimi nitalipa faini, lakini yeye atafungiwa nchi. Kwa hiyo wanaume tisa wanaojua kazi wanakaa kwangu Jumapili wakicheza domino, na ng'ambo ya ukuta wa mawe matofaa yanaoza, na watu wote wazima waliohusika wangekubali kulipana. Nimeyasoma maandiko mengi juu ya uhuru. Sijapata kuuona ukosefu wake ukiwa karibu hivi na ukinuka hivi.

Alhamisi Orrin alinikuta kwenye mizani ya kupimia matofaa. Amekonda. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wako wamefikaje?"

Nikasema, "Vibali vilitoka."

Aliitikia kwa kichwa na kuondoka. Najua sasa jibu la swali ulilokataa kulijibu, au nadhani najua. Tarehe ishirini na tano kuna chakula cha mavuno kanisani, nami nataka kumweleza siku hiyo, kwa jina langu na kwa kitendo chako. Najua kwamba jambo hili linaweza kukugharimu kazi. Mwezi wa Juni niliamua kwa niaba ya mtu mwingine bila kumwuliza. Sitarudia. Nakuuliza wewe: naweza kulitaja jina lako?

Ukiniambia hapana, sitalitaja. Lakini sitakwenda kanisani.

Shangazi yako,
Lovina


Washington
19 Oktoba 2025

Shangazi,

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa mfukoni. Annika aliisoma, akasema tu kwamba ninaonekana kama mtu aliyebeba yai.

Usimwambie Orrin. Nimemwandikia mimi. Barua yake imetoka pamoja na hii.

Umekisia sawa. Mkuu yule aliniambia kwamba nafasi za wilaya yetu zimekwisha kugawanywa, na kwamba ili tisa waingie, tisa watoke. Akanisukumia karatasi nichague. Jina lililokuwa mwisho wa walioruhusiwa lilikuwa Gaskill. Sikulikata kwa bahati mbaya. Nililiona, nikalitambua. Orrin ndiye aliyenifundisha kuendesha trekta, nilipokuwa bado siwezi kufika kwenye klachi, kwa kunikalisha juu ya gunia la mbegu. Nilikaa na kalamu nikifikiri kwamba yeye ana shamba kubwa zaidi, kwamba angeweza kustahimili, kwamba hata hivyo alipiga kura kuyataka haya yote. Nilijua sababu nyingi. Sikujua kwamba zingekuja kwa wepesi ule.

Ulikuwa na makosa kidogo katika jambo moja, Shangazi. Uliandika kwamba mlango wa misamaha humgeuza kila karani kuwa bwana. Nilipolikata jina lile sikujisikia bwana. Nilijisikia mtu mwema anayemsaidia shangazi yake. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimemweleza mkuu wangu kwamba nimefanya hivyo na kwamba ninaondoka. Alishangaa. Hakushangazwa na nilichofanya, alishangazwa na kuondoka. Taasisi haitanirudisha upesi, na sijawaomba. Annika anasema tuje kwenu wakati wa Sikukuu ya Shukrani, kama bado tuna mahali mezani.

Linwood


Kilburn
2 Novemba 2025

Mwanangu Linwood,

Mnayo nafasi mezani, wote watatu. Philena ataoka, nami nitamzuia asimhoji Annika juu ya nyanya. Akina Everal waliondoka jana asubuhi. Alinishika mkono, akaniambia kwamba paa litakamilika kabla ya Krismasi na kwamba mwakani nimwandikie mapema, kwa kauli yoyote ninayoipenda mradi niweke jina langu. Nilimwahidi. Nyumba ya wachumaji iko kimya, nami sijaizoea.

Lile la kazi yako nalisoma kila siku. Sitakusifu, kwa sababu kurudisha kitu ulichochukua si jambo la kusifiwa. Lakini niliikunja barua ile vizuri kuliko zote zilizotangulia.

Sasa nikueleze ya Orrin, kwa maana najua ndiyo unayoyangoja.

Kanisani hakuja. Jumatano alikuja hapa, akiwa ameishika barua yako mkononi na kofia katika mkono mwingine. Nilimkaribisha jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa siku nne: kwamba nilikukataza, kwamba hata hivyo nilitia sahihi, kwamba kwenye mizani nilimdanganya kwa sentensi ya kweli. Niliyasema yote nikiwa nimesimama. Yeye aliketi. Nikamwekea pai na kipande cha jibini, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Alikula taratibu hadi akaimaliza, nikamwongeza, naye akala tena. Nje matofaa yake yaliyobaki yalikuwa yameganda kwa jalidi. Nilingoja anitukane. Kusema kweli nilitaka anitukane.

Alipomaliza alifuta mdomo, akaikunja barua yako, akaitia mfukoni mwa shati upande wa moyo.

Akasema, "Mwalimu, mwandikie kijana wako kwamba sina kinyongo. Mtu huanza na wa kwao, hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Mwambie tu mwakani aanze na wangu."

Nikamweleza kwamba hakuielewa barua yako: kwamba umeacha kazi, kwamba umeondoka kwenye dawati lile kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba hutasogeza tena jina la mtu yeyote. Alinisikiliza kwa makini, kama anavyonisikiliza kwenye mkutano wa mji ninapomweleza kwa nini hoja yake haikufuata utaratibu. Kisha akasogeza kiti chake karibu na meza, akateremsha sauti, ingawa jikoni tulikuwa wawili tu.

"Basi," akaniuliza, "anayekaa pale sasa ni nani?"

Shangazi yako,
Lovina